Uzito wa Herufi

Mvua ya Tukuyu haibishi hodi.
Unaona tu ukuta umeloa,
na mimi nimekaa juu ya duka la saruji,
nimevaa sweta mbili,
nabishana na herufi.

Kazi yenyewe ni mwongozo:
jinsi ya kuwasha mtambo wa maji,
jinsi ya kuuzima kabla haujajizima wenyewe.
Kurasa arobaini na tatu za tovuti
inayosomwa na watu tisa.
Nawajua wote tisa kwa majina.
Hata simu zao nazijua:
ya Subilaga ina ufa kutoka saa mbili hadi saa nane,
ya Mwinami, kule Makete, huzima ikipigwa na baridi.

Herufi tulizozikuta zilikuwa nyembamba, za kijivu,
za watu wanaosomea kwenye meza.
l na I na 1 zimesimama wima
kama mipaina ya Sao Hill,
humjui mkubwa wala mdogo.
Oktoba, Mwinami alifungua vali l.
Mimi nilikuwa nimeandika vali 1.
Hakufa mtu. Ilikufa beringi,
kijiji kikalala gizani siku kumi na moja,
na vifaranga wa mama mmoja, mia na ishirini,
waliokuwa wakiota balbu.

Basi nikaleta herufi nyingine.
Moja yenye kofia na kiatu.
Sifuri iliyochapwa mkwaju mgongoni
isijifanye O.
Nzuri, ila nzito:
kilobaiti mia nne na kumi,
na Subilaga hununua bando la shilingi mia tano
ambalo mwanawe wa kidato cha pili analisubiri pia.

Usiku nikashika mkasi.
Nikatoa Kirusi. Nikatoa Kigiriki.
Nikatoa alama za fedha za nchi nisizozijua,
na zile nukta mbili mbili
zinazokaa vichwani mwa vokali za Wajerumani.
Nikabaki na ishirini na nne zetu, tarakimu, mkwaju, nukta.
Kilobaiti kumi na tisa!
Nikajipongeza kwa chai ya maziwa
na kiazi cha jana.

Alfajiri, simu.
“Atuganile, mdogo wangu, hiki kitufe kipya hakifunguki.”
Kitufe gani?
“Kisanduku. Kwenye maneno yetu yale, ukurasa wa tano.
Nimekibonyeza, nimekibonyeza,
nimezima simu nimewasha.”

Ukurasa wa tano ni maneno ya Kinyakyusa:
majina ya maji yanapoanguka,
yanapozunguka, yanapokataa.
Niliyaandika kwa kumsikiliza mama akifua.
Na kila palipokuwa na i yetu ile
iliyofungwa mkanda kiunoni,
kila palipokuwa na u yenye kijiti kifuani,
pamekaa kisanduku.
Kona nne, ndani hamna kitu.
Nilikuwa nimezitupa pamoja na Kirusi.

Nilicheka, halafu nikanyamaza.
Nilikumbuka daftari langu la darasa la nne,
i zangu zote zimezungushiwa wino mwekundu:
mkono wako unateleza.

Kuzirudisha ni mistari miwili ya maelekezo
na kilobaiti moja na robo.
Nimepima mara tatu.
Moja na robo.

Nikamwambia, subiri, fungua tena.
Nyuma yake mtambo ulikuwa unanguruma,
na mvua ya kwake, tofauti na yangu,
ya kwake inapiga bati jipya,
na katikati ya hayo Subilaga anasoma kwa sauti, polepole,
jina la maji yanayokataa kurudi mtoni.
Akalirudia.
Akaguna.
Kisha akauliza kama naweza kuyakoza maandishi kidogo,
macho yake si ya juzi.

Nikakoza.

Bado anasema ni madogo.