Mizani Moja Pungufu

Kaunta buku ya kwanza: majina arobaini na moja.
Ya pili: nafasi thelathini na nane.
Kati ya hizo mbili, viatu vyangu,
vimeliwa kisigino kutoka Njoro hadi Kiboriloni.

Mkuu wa shule alisema, Panga, mwalimu,
ila silabasi isiguswe,
na ujue mtihani hauna habari na nyundo.
Nikapanga.
Wiki tatu za Juni, baridi ikiteremka Moshi mjini,
na mlima umejifunika
kama mgonjwa asiyetaka wageni.

Gereji ya Lyaruu: wanne.
"Wavae viatu vya kufunika vidole," alisema,
akinionyesha kidole chake ambacho hakipo.
Nikaandika: viatu.
Kiwanda cha kukoboa kahawa: sita, wapimwe kifua kwanza,
vumbi la pale halina adabu.
Mama Nambuo wa cherehani aliuliza
sindano zikivunjika atalipa nani.
Nikasema, shule.
Shule haijui.
Duka la dawa walitaka barua yenye muhuri.
Muhuri ulikuwepo, wino ulikuwepo,
mwenye muhuri alikuwa msibani Rombo.
Siku nne.

Nafasi zilikuwa arobaini.
Kwenye nyumba moja ya wageni meneja aliniambia,
"Tuletee wasichana tu, wale warefu warefu."
Nikafunga kitabu.
Mbili hizo nimezifuta kwa wino, si kwa kalamu ya risasi.

Ijumaa nikaandika ubaoni,
maana mimi ni mwalimu wa Kiswahili
na kutangaza jambo bila vina kunaniwasha:

    Tukitoka darasani, twende tukaone kazi,
    Tuingie gerejini, kwa mafundi na wajuzi,
    Tujifunze na sokoni, kwa wauzao ndizi,
    Kisha turudi shuleni, tusimulie wazazi.

Wakapiga makofi.
Elinami akauliza chakula cha mchana kitatoka wapi.
Swali zuri. Sikuwa nimekipanga chakula cha mchana.
Kisha Aikande Mtui,
ambaye tangu Januari sauti yake naijua kwenye rejesta tu,
akamaliza kuhesabu vidole chini ya dawati, akasimama.
"Mwalimu, mstari wa tatu. Utao una saba."

Kwa. Wa. U. Za. O. Ndi. Zi.
Darasa zima likanihesabia, kwa sauti, kwa furaha isiyo na huruma.

"Weka: *kwa mama wauza ndizi*," akasema.
"Umemruka mama."

Baadaye, mlangoni, nikamuuliza anataka kwenda wapi.
Alikuwa mmoja wa wale watatu wasio na pa kwenda.
Sikumwambia. Nadhani alikwisha kutoa arobaini na moja kwa thelathini na nane.

"Kwa fundi mizani."

Nikacheka, nikidhani anatania shairi.
Hakucheka.
"Bibi yangu kule Kidia hupima kahawa nyumbani, kilo kumi na mbili.
Kwa mnunuzi, kumi na moja.
Kila msimu. Bibi anasema inakaukia njiani.
Njia yenyewe, mwalimu, ni dakika kumi.
Nataka kuiona ndani."

Miaka kumi na tisa nafundisha mizani,
na sijawahi kuifungua hata moja.

Jumamosi nikamtafuta fundi Senkondo, uchochoro wa Bondeni,
nyuma ya maduka ya misumari.
Mizani zimelala wazi mezani kwake, springi nje,
kama kuku wa sikukuu.
Alinisikiliza huku akipuliza kutu.
"Sijawahi kuletewa mwanafunzi," alisema. "Wengi wanaokuja hapa
huja wakiwa wamechelewa kuuliza."
Akaangalia chumba.
"Na sina kiti cha pili."

Nikaandika: kiti.

Thelathini na tisa.
Bado Kundaeli, bado Nakijwa.
Kesho naanzia Pasua, kwenye karakana ya majeneza;
nasikia wanatafuta mkono mtulivu wa kupiga msasa,
na Kundaeli, tukiacha mambo mengine yote, ni mtulivu.