Sifuri Si Pengo

Nilipanda juu ya mabati Jumapili, baada ya misa,
na bomba la mita mbili, kamba ya mbuzi,
na kisanduku kilichovuka mpaka wa Ruzizi
kimejificha katikati ya miche ya sabuni.
Chini, Kadutu nzima ilikuwa na maoni.
"Zihindula anaweka antena ya kuibia mechi."
"Wapi! Anataka kusikiliza simu zetu."
Mwanangu Asifiwe ndiye aliyewajibu:
"Baba anahesabu mvua."
Wakacheka, kicheko kikateremka hadi Nyamugo.
Bukavu hii? Si afadhali ahesabu matope.

Ndani ya faneli mna vijiko viwili vimepeana mgongo.
Kimoja kikijaa huinama, humwaga, humwachia mwenzake zamu.
Ta. Hiyo ni sehemu ya tano ya milimita.
Ta... ta... manyunyu ya alfajiri.
Tatatata, na nguo zimesahauliwa kambani.
Kila dakika tano, kama mega hazijaisha,
hesabu inaruka kutoka paa letu,
na kwenye ramani ya dunia, palipokuwa patupu
toka ziwani hadi msituni,
pana kitone kimoja cha buluu.
Ni hapa. Ni juu ya chumba ninacholala.

Mtu wa mbali, wa nchi ya theluji, aliniuliza
kama upepo wangu wa saa nane mchana si hitilafu.
Nikamjibu: hapana, ndugu, ni ziwa linashusha pumzi.

Kazi hii imenifundisha adabu moja:
sifuri si pengo.
Sifuri ni shahidi aliyekesha, akasema, sikuona kitu.
Pengo ni shahidi aliyelala.
Usimwekee aliyelala maneno ya aliyekesha.

Usiku ule wa Novemba umeme ulikatika saa mbili.
Betri ikavumilia mpaka saa saba na dakika tano.
Saa nane mvua ikaja.
Vijiko viliinama na kuinuka gizani, ta, ta, ta,
bila wa kuvihesabia.
Nyumba tatu za chini yetu ziliondoka zikiwa wima,
kama watu wanaoshuka ngazi,
kisha zikapiga magoti.
Murhula tulimtoa akiwa hai.
Mdogo wake hatukumtoa.

Umeme ulirudi adhuhuri. Nikafungua mchoro:
mstari unafika saa saba, unakatika,
unaanza tena upande wa pili, mkavu, jua linawaka.
Katikati, weupe.
Kwa macho ya dunia hakuna kilichotokea kwetu.

Ndipo Mama Cibalonza alipoingia
amebeba kopo la nyanya kwa mikono miwili,
polepole, kama anayepeleka chai kwa mgeni.
"Lilikuwa juu ya ukuta. Ni la kuku,
lakini jana jioni nililiacha tupu."
Kopo lenye ubavu ulionyooka halidanganyi.
Tukatumbukiza rula ya shule ya Asifiwe:
milimita themanini na saba.
Nilitafuta kwenye mtandao mahali pa kuandika *kopo*.
Hapakuwepo.
Pengo nikaliacha pengo.
Nikachukua chaki, nikaandika mlangoni:
*87. Kopo. Cibalonza.*

Sasa kila ukuta wa uchochoro huu una kopo,
na jioni watoto huniletea namba kwa kelele,
wengine wameshanywa nusu ya ushahidi.
Ikifika arobaini, walio chini ya mkato wa mlima
wanachukua blanketi, wanapanda kulala kanisani.
Hakuna aliyetunga sheria hiyo. Ilianza tu.

Kitone changu bado kinawaka, nakilisha mega zake.
Lakini asubuhi, kabla sijafungua simu,
Mama Cibalonza huwa keshasimama mlangoni:
"Na leo, Zihindula?"
"Sifuri, mama."
Ananitazama machoni.
"Umeona, ao ulilala?"