Kwa Atakayepokea Zamu

Anyisile,
funguo ziko kwenye msumari, juu ya geji.
Usiwashe mtambo asubuhi hii.
Mvua imenyesha Tukuyu usiku kucha,
mvua yetu hii isiyojua kuaga,
na Mto Mbaka umeamka na rangi
ya chai ya maziwa iliyoungua.

Watakuja na ndoo kabla ya jua.
Foleni itaanzia ukutani mwa zahanati
hadi kwenye migomba ya Bi Tusekile.
Watauliza: mashine mpya, inalala ya nini?
Wajibu: inalala kwa sababu maji hayajalala.

Ngoja nikueleze nilivyoliua chujio la kwanza.
Februari, mwaka juzi. Mgeni wa kazi,
ovaroli bado ina mikunjo ya dukani.
Nikavuta maji mtoni moja kwa moja,
nikayasukuma utandoni na tope lake na majani yake,
nikijiambia chujio ni chujio,
kazi yake si kuchuja?
Saa tatu geji ilisoma moja.
Saa sita, mbili na nusu.
Saa tisa pampu ililia kama mbuzi aliyejinyonga na kamba,
na bombani likaanguka tone,
na tone,
kama mtu anayehesabu kulipa deni asilolipenda.

Tulipolifungua: nyuzi elfu, nyembamba kama tambi,
zilizokuwa nyeupe,
zimevaa kamasi ya kahawia.
Nikaosha kwa klorini. Nikarudisha maji kinyumenyume.
Nikasugua kwa vidole, nikazikata tatu.
Fundi wa Mbeya alifika siku ya nne,
akanusa, hakunitukana. Alisema tu:
"Umemlisha mtoto mchanga makande."

Basi, chukua chupa sita za jemu pale dirishani.
Zijaze maji ya mto.
Shabu imo kwenye kopo la maziwa, imeshayeyushwa.
Ya kwanza usitie kitu.
Ya pili, bomba moja la sindano; ya tatu, mawili; panda hivyo.
Koroga upesi ukihesabu sitini,
kisha polepole, polepole, kama uji wa mgonjwa
usiotaka ushike chini.
Halafu kaa.
Hapa ndipo wengi hushindwa. Kukaa.
Utaona kisichoonekana kikianza kutafutana,
chembe kwa chembe, kama wageni msibani
wanaogundua kumbe wote ukoo mmoja;
watashikana, watakuwa madonge, watakuwa wazito,
watashuka.
Chupa iliyotakata kuliko zote ndiyo kipimo cha leo.
Cha leo. Cha jana kimekwenda na mto wa jana.
Wala usizidishe ukidhani wema huongezeka:
shabu ya ziada nayo huenda kulala utandoni.

Kisha tangi la saruji, saa mbili nzima.
Kisha mchanga.
Ndipo utando.

Diwani aliwahi kuniuliza, mbele ya kamati:
"Kama kazi yote ni ya shabu na mchanga,
hili la mamilioni linafanya nini?"
Nikatazama viatu vyangu.
Jibu limenijia leo alfajiri, limechelewa mwaka mzima:
linakamata kile ambacho kutulia hakukitoi,
kile kisicho na rangi wala harufu,
kilichomlaza Ambokile wodini siku sita
Krismasi ile, midomo imekauka kama ganda la ndizi.
Sisi tunalipunguzia mambo ya kijinga,
tope, majani, povu la wafua nguo,
lipate nafasi ya kushughulika na hilo moja.

Nimemaliza.
Geji jana jioni: sifuri nukta sita,
ileile tangu Pasaka.
Nimeiandika daftarini kwa wino mwekundu.
Usishtuke, si hatari,
kalamu ya bluu imekwisha.

Bi Tusekile akianza kugonga ndoo yake,
mpe kile kigoda changu,
umwoneshe chupa.