Zamu ya Usiku wa Idi

Nawajua nyote, watu wa Sur,
kwa mlichokimwaga.
Siri ya mtungi iko kwa kata;
siri ya mji hupita hapa kwangu
saa nane usiku, kwenye chekeche la chuma:
kokwa za tende, nywele za bibi harusi,
pamba, masimbi ya kahawa, hina,
mara moja jino la dhahabu
(tuliliweka dirishani, ndani ya glasi, wiki tatu;
mwenyewe hakuja. Angekuja aseme nini?)
na viatu vya wanasesere, daima vya kushoto,
sijui kwa nini.

Nyumbani naambiwa: Zuwena, usiguse sufuria.
Shangazi Jokha hunifukizia udi mlangoni
hata viatu sijavua.
Walipokuja wenye posa wakauliza,
binti yenu ana kazi gani?
Mama akajibu: yuko idara ya maji.
Hakusema maji gani.

Basi niwaambie maji gani.

Yanakuja kahawia, mazito, yamevaa povu la sabuni.
Mengine huletwa na malori ya manjano
kutoka mitaa ambayo bomba halijafika,
nayo hujipanga getini, na Shaji wa Kerala huyahesabu
amejifunga shuka hadi puani.
Tunayachuja. Tunayatuliza, mchanga ukae chini.
Kisha tunayatia kwenye bwawa la hewa
waliko wafanyakazi wangu,
wasioonekana kwa jicho, wasio na mshahara wala likizo,
mabilioni kwa mabilioni, wakila
kile mlichokionea haya.
Nimewatazama kwa hadubini.
Yuko mmoja mwenye umbo la kengele, amesimama juu ya uzi:
ukimshtua hujikunja,
halafu hujifungua taratibu
kama mtu aliyeitikia jina lisilo lake.

Hawataki kitu ila pumzi.

Usiku wa Idi Kubwa mji mzima ulikuwa umechinja.
Mafuta ya mbuzi wote wale yakateremka mabombani,
yakaganda chekecheni kama nta.
Tulikuwa tunayakomba kwa reki, mimi na Shaji,
umeme ukakatika.

Asiyefanya kazi hapa haujui ukimya ule.
Mashine za upepo kimya.
Bwawa limelala kama uji uliosahauliwa.
Kipimo kikasoma mbili.
Moja na nusu.
Jenereta ikakohoa, ikanyamaza.
Sifuri nukta tisa.
Nikawaza hori letu, mikandaa na vifaranga vya mkizi
vilivyojificha kwenye mizizi yake,
heroe wanaosimama kwa mguu mmoja
kama waliosahau walichokijia;
nikamwaza kasa, huko Ras al-Hadd,
anayevuka bahari nzima aje kutaga kwetu
kwa kuwa anatuamini,
au kwa kuwa hana habari zetu.
Shaji akaipiga jenereta teke,
akaitukana kwa Kimalayalam, nadhani alimtaja mamaye.

Ikawaka.

Mapovu yakapanda, madogo, meupe, maelfu.
Nikatokwa na machozi. Labda ni moshi wa dizeli.

Alfajiri nilichota glasi moja ya maji ya mwisho,
yaliyokwisha pita chini ya taa za urujuani,
nikaiinua kwenye jua:
nikakiona kidole changu upande wa pili
na mistari yake yote.
Mengi yalikwenda kwenye mitende ya barabarani.
Yaliyobaki yakaingia baharini
na bahari haikugeuka hata kutazama.

Hiyo ndiyo kazi. Hakuna kilichotokea.
Idi pili watoto walioga pwani wakala mchanga,
hakuna aliyewashwa ngozi,
hakuna samaki aliyeelea tumbo juu,
na gazeti liliandika bei ya mbuzi.

Nikarudi nyumbani. Shangazi Jokha, chetezo mkononi,
akanizunguka mara tatu, akakohoa yeye.
Nami mfukoni nilikuwa nimeshika kiatu cha mwanasesere,
nimekiosha kwa maji yangu mwenyewe.
Cha kulia, safari hii.