Pichi la Mwezi wa Tisa

Si lile la njano. Hilo nalijua:
linauzwa kwa trei, linang'aa kama kiatu cha askari,
tamu, tamu tu,
kama mtu anayekubali kila neno.

Natafuta lile la manyoya ya kijivu,
lenye sura ya panya aliyelowa,
ambalo ukilipasua
unajiuliza ni nani aliyeumia.

Mama alilichemsha mwezi wa tisa,
madirisha yamefungwa kwa ajili ya nyigu.
Aproni yake ilikuwa na ramani ya nchi nyekundu
ambayo sabuni haikuwahi kuifikia.
Makokwa hakuyatupa. Aliyaosha, akayaanika,
akayatia kwenye kopo la biskuti
yawe pesa zetu za karata usiku wa baridi.
Nilikuwa tajiri nikiwa na miaka saba.

Shamba likauzwa. Mizabibu ikang'olewa,
na mipichi iliyosimama katikati yake,
kama wageni ambao hakuna aliyewaalika wala kuwafukuza,
ikang'olewa nayo.

Vilima hivi juu ya mto Rhône
nimevipelekea barua miaka thelathini na mmoja.
Najua geti lipi linalia, mbwa yupi mnafiki.
Nilipostaafu nikarudi njia ile ile, bila mkoba,
nikiuliza mlango kwa mlango habari za mti.

Kwa Thévenet: "Ulikuwepo. Barabara ikapita."
Kwa dada wawili wa Chavannes,
mmoja alisema ulikufa kwa jalidi,
mwingine akasema jalidi gani, ni marehemu mumeo na shoka lake,
nikawaacha wakigombana, nikafunga geti taratibu.
Kitaluni waliniuzia mche wenye picha shingoni.
Nikaulea miaka mitatu. Ukazaa.
Nyama nyekundu, ndiyo, lakini ule uchungu
wa karibu na kokwa, unaokukunja ulimi
kama karipio la mtu anayekupenda,
haukuwepo.
Sidonie akasema, "Pichi ni pichi."
Hatukusemezana mpaka supu.

Aliyeuona ni Anselme, fundi wa mapaa,
kutoka juu, akiwa na misumari mdomoni:
nyuma ya nyumba ya mlinzi wa reli,
pale ambapo treni haipiti tena.

Bi Peyrard, miaka tisini kasoro mmoja,
alinitazama kuanzia viatu.
"Wewe ndiye uliyekuwa ukichelewesha pensheni yangu."
"Si mimi, mama. Ni Paris."
Akafikiri. Akanichumia moja.
"Ulile hapa hapa. Nataka kuona."

Nikala nimesimama, maji yakiteremka hadi kiwiko,
na uchungu ukafika, mahali pake, kwa wakati wake,
nikageukia upande wa reli
kana kwamba kuna treni inakuja.

Akanipa makokwa sita
ndani ya ukurasa wa matangazo ya vifo.
"Siyaahidi chochote," akasema.
"Mwaka huu nyuki walitembea sana."

Yalilala majira yote ya baridi kwenye mchanga mbichi,
ndani ya friji, jirani na siagi.
Sidonie aliyasogeza bila neno
kila alipotafuta jibini.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka.
Hawakuwahi kupanda pichi.
Huenda ukatoka wa njano, mpole, wa kupendeza wageni.
Nina miaka sabini na miwili; mti unataka minne.
Hesabu naijua, nilijifunzia kwenye kopo lile.

Leo asubuhi moja limepasuka.
Kitu cheupe, kidogo kama jino la kwanza,
kimetokea upande nisioutarajia
na tayari kinapinda kutafuta chini.

Nimemwita Sidonie. Amekuja na kijiko mkononi,
ameinama, ametazama muda mrefu
kuliko nilivyotegemea.
"Litoe nje basi," amesema,
"kabla halijala siagi."