Mkondo wa Kimya

Mkono wa kushoto nautia mfukoni
na humo unabaki, kama mtoto aliyekatazwa.
Wa kulia peke yake unaingia sandukuni
penye volti mia nne na thelathini
zisizomjua mwenyeji wala mgeni.

Blackburn, Januari, jikoni kwangu, saa nne usiku.
Dirisha linatoka jasho. Mvua ya hapa
hainyeshi, inakaa.

Miezi saba naijenga amplifaya hii.
Transfoma niliipakata kwenye basi kutoka Preston,
nzito kama mtoto wa mwaka, na abiria wakatabasamu
mpaka walipoona ni chuma.
Lehemu imeniachia makovu mawili kidoleni.
Sasa vali nne zimewaka, na muziki hakuna.
Muziki si kazi ya leo.
Leo napima inachokula ikiwa imenyamaza.

Nyuma ya bahasha ya kodi nimeandika:
bamba la kila vali huvumilia wati ishirini na tano,
mimi nalidai sabini kwa mia,
gawa kwa volti, baki na miliampea arubaini.
Ukiikaba vali kwa volti hasi nyingi,
sauti itakwaruza kama koo la aliyeamshwa.
Ukiilegeza, bamba linaiva.

Nageuza bisibisi, upana wa unywele.
Thelathini na mbili. Nangoja. Thelathini na sita.
Ya kwanza ikipanda, volti za wote zinashuka,
ya pili inahama bila kuguswa, narudi ya kwanza:
blanketi moja, ndugu wanne.

Ya tatu haisikii.
Ubavuni mwa bamba lake doa jekundu,
dogo, kama jicho la mlevi.
Nikazima.

Ndipo akabisha Bi Doreen Entwistle wa mlango wa pili,
miaka themanini na mitatu, kaja kurudisha bakuli.
Akaiona vali mezani, ikipoa juu ya kitambaa,
akaiinua kwenye taa.
"Nyaya hizi," akasema, "tulizisuka sisi."
Kwa koleo ndogo, kofia nyeupe, miaka kumi na mmoja.
"Zilikuwa zinaliaje?" nikauliza.
"Zilie? Ziliondoka ndani ya maboksi.
Labda redio ya kantini. Lakini nani asikie,
wasichana mia nne wanakula chipsi?"
"Hii mbovu?"
"Sijui. Kupima walikuwa watu wa ghorofa ya juu."

Nikangoja kapasita zisahau,
mita ikishuka: mia mbili, sitini, tisa, sifuri na kitu.
Nikabadilishana ya tatu na ya nne, nikawasha.
Doa likarudi palepale, kwenye tundu la tatu,
safari hii ubavuni mwa vali isiyo na hatia.
Nikazima, nikapindua sanduku, nikaleta tochi.
Rezista moja, lehemu yake imefifia kama jivu,
ilipoa kabla ya kushika.
Kosa langu, la Oktoba, la usiku niliotoka ghalani Darwen
baada ya saa kumi na mbili bila kusemeshwa,
na bado nikakaa hapa nikichomelea
kwa mikono inayotetemeka.
Asiyesema, watu hudhani amepumzika.

"Si yetu, basi," akasema Bi Doreen,
akanyoosha mgongo kana kwamba msimamizi anapita.

Saa sita kasoro. Thelathini na tisa, arubaini,
arubaini, thelathini na tisa na nusu.
Mabamba meusi yote. Mvumo mdogo wa transfoma
unasikika mezani zaidi kuliko hewani.
Kimya kingi kina mshindo mkuu, walisema wahenga.
Hawakusema kinakula wati ngapi.

"Na muziki?"
"Kesho."
Akaguna, akaondoka
na bakuli lilelile alilokuja kulirudisha.

Nimebaki na mita.
Thelathini na tisa.
Arubaini.
Thelathini na tisa.