Chumba Namba Nne

Miaka ishirini na miwili nimetandika kitanda hiki,
sijawahi kukilalia.
Nakijua mifupa yake: mguu wa kushoto mfupi, umewekewa kigae,
ubao wa tatu hulia ukiukandamiza kwa goti,
na godoro lina bonde upande wa dirishani
kama njia ya ng'ombe iendayo lamboni.

Nyumba ya Mjerumani, wageni huiita.
Sisi wa Tabora tunasema Kwa Saa Mbovu,
maana saa ya barazani iligoma kabla sijazaliwa,
saa nne na dakika saba,
ya asubuhi au ya usiku, hapana ajuaye.
Wageni hugonga kuta kwa vifundo vya vidole:
"Unene huu!"
Mimi unene huo naujua kwa vumbi.
Kila dirisha lina kizingiti cha mkono mzima wa kufuta.

Siku ya kuniaga, meneja Lutobeka alikohoa,
akanipa bahasha, akanipa khanga,
kisha akasema, "Na usiku mmoja, Bi Kalunde. Chagua chumba."
Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikacheka,
nikasahau kwamba Lutobeka hana utani.

Nikaja Ijumaa, kwa miguu, kutoka Isevya,
na begi la shule la mwanangu, ndani nguo moja ya kulalia.
Nikaingilia mlango wa jikoni.
Nyamizi, binti niliyemfundisha kukunja pembe za shuka,
akanitoa nje, akanizungusha hadi mbele,
akanifungulia kitabu: jina, kabila, utokako, uendako.
Nitokako: Isevya.
Niendako, nikafikiri kidogo,
nikaandika Isevya.

Usingizi haukuja.
Pembe ya shuka, miguuni, ilikunjwa kivivu.
Nikaamka nikaikunja upya. Nikajilaza.
Nikaamka nikageuza foronya, mdomo utazame ukutani.
Nikajilaza.
Mikono ikakaa juu ya kifua
kama vibarua waliofika shambani wakakuta palizi imekwisha.
Treni ya Kigoma ilipita saa nane;
kwangu huwa naisikia inalia,
humu kuta ziliimeza sauti,
ukabaki mtetemo kwenye bilauri ya maji.

Ndipo, chali, taa ikiwaka, nikaona.
Juu, kwenye ubao wa dari, jirani na ndoano ya chandarua,
kuna kiganja.
Cha mtu. Kimekaukia ndani ya rangi,
vidole vinne na nusu.
Fundi fulani aliuegemea ubao rangi ikiwa mbichi.
Mnyamwezi, Mmanyema, sijui,
hakuandikwa kwenye kitabu chochote cha mlangoni.
Miaka yote ile nimeinama nikipiga deki chumba hiki,
na mtu kaninyooshea mkono.

Asubuhi: chai, yai, mkate, asali ya Sikonge kwenye kisahani.
Nyamizi akasimama kando, mikono nyuma, kama nilivyomfundisha.
"Mwangaluka. Umelalaje, mama?"
Swali langu hilo! Nimeliuliza mara elfu,
macho yangu yakiwa tayari kwenye vyombo.
Nikalitafutia jibu, nikalikosa.
Nikamwambia, "Siku moja kalale mle. Chali."
Akachekea kiganjani.
Nikanyanyua kikombe nikipeleke jikoni,
akaninyang'anya.

Nikarudi chumbani kufuata begi.
Kitanda kilikuwa ovyo, shuka limejiviringa,
na katika lile bonde la godoro
umbo langu, bado lina joto.
Nikaweka mikono nyuma.
Nikafika mlangoni. Nikarudi.
Nikanyoosha mto mmoja.
Wa pili niliuacha.